Ukuta wa Fundi Shomari na Magari ya Nchi Tatu

Saa moja kasorobo asubuhi, mvua ya masika ikiwa imepumzika tu bila kuondoka, lori linaingia katika karakana ya Kisarawe likiwa na tope hadi kwenye vioo. Dereva anashuka. Anakwenda moja kwa moja ukutani, anashika kamba ya katani inayoning'inia chini ya ubao ulioandikwa MWINGEREZA, na kufunga fundo moja.

"Kaza," inasema sauti kutoka chini ya gari jingine. "Fundo la Mnyamwezi hufunguka lenyewe kabla ya adhuhuri."

"Lori limekwenda Maneromango na limerudi," anajibu dereva, Lucian, mzaliwa wa Tabora na kwa hiyo mtani halali wa wenyeji wa hapa. "Lingekuwa mikononi mwa Mzaramo, lingesimama kila linaposikia ngoma."

Sauti ya chini ya gari ni ya Shomari Mwinjuma, fundi mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Anatoka chali, anajifuta grisi kwa gunia, na kabla ya kuitikia shikamoo ya mtu yeyote anahesabu mafundo kumi ya mwisho kwa kidole. Anaridhika. Ndipo anaitikia.

Karakana hii ni mali ya mradi wa usafiri wa pamoja wa vijiji kadhaa vya Kisarawe na Kibaha. Mradi una magari matatu, kila moja limetoka nchi yake: lori la Kiingereza la mwaka 1966, lililorithiwa kutoka chama cha ushirika kilichovunjwa; gari la Kijerumani la mwaka 1971; na pikapu ya Kijapani ya mwaka 1975. Kwa mshahara wa shilingi 940 kwa mwezi, Shomari anatakiwa kuyafanya yote yatembee katika nchi ambayo tairi jipya husikika zaidi ya linavyoonekana.

Alijifunza kazi akiwa kijana katika gereji ya shamba la mkonge, chini ya msimamizi aliyeamini kwamba Mwafrika anaweza kufungua nati lakini hawezi kujua kwa nini ililegea. Shomari hakubishana naye. Alianza kuhifadhi kila kilichovunjika.

Tabia hiyo ndiyo iliyozaa ukuta. Zipo mbao tatu, moja kwa kila nchi. Kifaa kikifa kabisa, Shomari hukitundika kwenye msumari chini ya jina la nchi kilikotoka, pamoja na kipande cha bati kilichochorwa tarehe: vyuma vya springi, pampu za maji, beringi, diski za klachi zilizolika zikawa nyembamba kama ngozi ya ngoma. Kwa miaka kumi na sita watu wa Kisarawe waliutazama ukuta huo kama watazamavyo kalenda. Hakuna aliyeuuliza swali.

Mwezi Agosti mwaka 1982, mradi ulipata kibali cha fedha za kigeni cha kuagiza spea. Kibali kilitosha gari moja. Mawili yaliyobaki yangekaa juu ya mawe na kuchunwa kidogo kidogo, kama ng'ombe aliyefia njiani. Kamati ilimtaka fundi aseme ni gari la nchi gani linalostahili kuishi.

Shomari hakuona ugumu. Ubao wa Mwingereza ulikuwa na vifaa thelathini na saba. Wa Mjapani kumi na vinne. Wa Mjerumani kumi na kimoja. Alisimama mbele ya wajumbe akiwa amevaa shati lake la Idi, akasema kwamba Mjerumani ndiye asiyevunjika. Mwenyekiti, Ndugu Hilario wa Kibaha, aliupokea ushauri huo kwa furaha isiyo na kificho. Ndilo gari lililomchukua yeye na maofisa wenzake kila wiki.

Aliyevuruga mkutano alikuwa Mama Petronila, mkunga wa zahanati ya Maneromango, aliyekuja kuomba mafuta ya taa na hakuwa mjumbe.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Hilo gari lisilovunjika, mbona kwetu hatulijui?"

"Mama, hili ni suala la kitaalamu," alisema Ndugu Hilario.

"Ndiyo maana namuuliza fundi. Fundi, baba yangu, chungu kisichopikiwa kitavunjika lini?"

Watu walicheka. Shomari hakucheka. Anakumbuka kwamba alitazama mikono yake, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Miaka kumi na sita nilihesabu vilivyovunjika," anasema. "Safari sikuhesabu hata moja. Mtoto wa shule angeniuliza, ningemfukuza kwa kunikosea adabu. Na angekuwa na haki."

Aliomba siku nne. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba fundi mkuu anayebadili kauli mbele ya kamati huenda akabadilishwa yeye. Shomari alijibu kwamba amesikia, akaondoka.

Vitabu vya safari havikumsaidia. Vile ambavyo mchwa walivisamehe, wavutaji wa tumbaku hawakuvisamehe. Akapanda baiskeli hadi Maneromango, kilometa zipatazo arobaini, na kuomba daftari la wagonjwa.

Hapo alikuta kitu ambacho hakuna karakana ingeweza kumpa. Lori la Kiingereza lilikuwa na siku zake, Jumanne na Ijumaa. Kila mgonjwa aliyepelekwa hospitali ya Kisarawe, Mama Petronila aliandika alivyokwenda: "kwa lori", au "kwa kitanda", maana yake alibebwa mabegani na wanaume wanane wakipokezana. Palipoandikwa kitanda siku ya lori, lori halikuja. Ambapo daftari lilinyamaza, mlinzi wa ghala la korosho alikumbuka.

Mwaka 1974, lori lilipokaa juu ya mawe miezi minne likingoja shafti, daftari lina vitanda tisa. Mbele ya viwili kuna msalaba mdogo wa wino. Shomari anasema aliusoma ukurasa huo mara moja tu.

Kutoka huko alikwenda Dutumi, upande wa Kibaha, ambako pikapu ya Kijapani hupeleka mbegu na kuleta mihogo. Mwisho alikaa Misugusugu, kwenye lami anakopita Mjerumani, akawauliza wauza machungwa wa kando ya lami, ambao hawana la kufanya ila kuuza machungwa na kujua gari la nani limepita.

Siku ya tano alirudi mbele ya kamati. Hesabu aliyoileta haifai kupelekwa chuo kikuu, na yeye mwenyewe aliwaambia hivyo. Mwingereza alikuwa amekwenda Maneromango na kurudi mara elfu moja na mia nne hivi: kifaa kimoja kwa kila safari thelathini na nane. Mjapani, safari mia tano za Dutumi: kifaa kimoja kwa kila safari thelathini na sita. Mjerumani alikuwa ameiacha lami mara kumi na tisa tu, na katika safari hizo kumi na tisa ndimo vilimovunjikia vifaa sita kati ya kumi na kimoja vyake.

"Kosa si la Wajerumani," aliwaambia wajumbe. "Wao walitengeneza gari la barabara. Kosa ni letu tulioliita jabali kwa sababu halijawahi kupelekwa machimboni."

Kati ya Mwingereza na Mjapani tofauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu mwaminifu kuitegemea. Shomari aliamua kwa ukuta uleule uliomdanganya. Kati ya vifaa thelathini na saba vya Mwingereza, ishirini na vitano vilikuwa vyuma vya springi, na vyuma vya springi yeye huvifua hapa hapa. Vya Mjapani vilikuwa kumi na vinne, kila kimoja cha aina yake, na hakuna hata kimoja kinachofulika Kisarawe.

Kibali kilikwenda kwa lori kuukuu kuliko yote. Mjerumani aliwekwa juu ya mawe. Ndugu Hilario sasa husafiri kwa basi, na hajawahi kusema kwamba analipenda. Shomari hakubadilishwa. Pikapu ya Kijapani haikuchunwa. Aliitafutia spea kwa njia ya kubadilishana na karakana nyingine, na bado huenda Dutumi.

Tangu siku ile, chini ya kila ubao kuna kamba, na kila dereva arudiye hufunga fundo. Kamba ya Mwingereza imegusa sakafu na kuanza kujikunja. Kwa muda wa miezi ishirini, daftari la Mama Petronila limeandika kitanda siku ya lori mara tatu.

"Wageni huja wakaniuliza gari la nchi gani ni bora," anasema Shomari, akiiinua kamba kwa viganja viwili kama mtu anayeonyesha samaki. "Nawaambia, kwanza niambieni linakwenda wapi. Wengi hawapendi jibu hilo. Walikuja na jibu lao."

Atastaafu mwakani. Ombi lake kwa kamati ni moja, na ameliandikisha kwa mashine ya chapa: siku injini ya lori hilo itakapokataa kabisa, chesisi yake isiuzwe chuma chakavu. Ilazwe juu ya kijito cha njia ya Maneromango, pale ambapo masika huizuia njia, iwe daraja. Amekwishapima. Kijito kina upana wa futi kumi na sita. Chesisi ina ishirini na mbili. Mwenyekiti ameandika kwamba suala litatazamwa wakati ukifika.

"Na wewe, mzee, tukuzike wapi?" anauliza Lucian, akipanda tena usukani.

"Jirani na daraja," anasema Shomari, na kulala chali kurudi chini ya gari. "Nisikie kama springi za anayepita zimekazwa."