Chupa ya Jemu ya Glenys

Glenys Thwaite, mpishi wa shule huko Gosford, alikuwa mwoga wa buibui kuliko mtu yeyote mtaani kwao, na hakuna aliyepeleka buibui wengi kwenye bustani ya wanyama kuliko yeye. Kila mvua za Machi zikinyesha, madume ya buibui weusi wa faneli, wenye sumu ya kuua, hutoka mashimoni kutafuta majike, yakaingia mpaka mabafuni mwa watu. Wengine huyapiga kiatu. Glenys huyafunika kwa chupa ya jemu huku akitetemeka na kutoa matusi ambayo mpishi wa shule hapaswi hata kuyajua, kisha huyapeleka yakakamuliwe sumu, maana dawa ya kuumwa nayo hutengenezwa kwa sumu hiyohiyo.

Dawa hiyo ndiyo iliyomponya mwanawe, Darryl, alipokuwa na miaka sita. Siku ile alikuja kutoka uani akilia, miguu peku, akisema amechomwa.

"Mbigili tu hiyo, acha kudeka," Glenys alimwambia, akaendelea kuanika nguo. Nyasi za kule zimejaa mbigili, na kila mama husema hivyo. Robo saa baadaye povu lilikuwa linamtoka mtoto mdomoni. Miaka thelathini imepita, na Glenys hajajisamehe.

Jumamosi moja ya Machi alikuja bustanini na mjukuu wake Tilly, binti wa Darryl, mwenye miaka minne. Alikuja pia na dume kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, miguu ikigusa pande zote za chupa. Tilly alibaki akicheza nyasini, hatua chache tu kutoka dirisha la mapokezi, naye Glenys akamkabidhi chupa Lachlan, kijana wa mapokezi.

"Leo umetuletea simba, Bi Glenys?" Lachlan alitania. Akaiinua chupa, akaizungusha, tabasamu likamtoweka. "Mbona simwoni? Na kifuniko hakikukazwa."

Glenys aligeukia nyasini. Njia nzima chupa ilikuwa kikapuni garini, kando ya miguu ya Tilly.

"Nana! Kitu kimenichoma!"

Tilly alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, peku, analia.

Glenys hakujua alifikaje pale. Alimlaza chini, akatoa bandeji inayokaa mkobani mwake tangu mwaka ule, akaufunga mguu kwa nguvu kuanzia vidoleni mpaka nyongani.

"Usijisogeze, mpenzi. Nana anakuamini. Unasikia? Nana anakuamini! Lachlan, piga simu!"

Lachlan alishika simu mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachokonoa kwa kibanio kirefu udongo mbichi ambao Glenys alikuwa ameutia ndani ya chupa. Jitu likaibuka, meno juu, sumu ikidondoka.

"Yumo, Bi Glenys! Alikuwa amejichimbia tu! Yumo!"

Akakifunga kifuniko, akaiweka simu mfukoni bila kupiga, akaja mbio. Alipiga magoti, akaisogeza bandeji kidogo kisiginoni, na kwa kucha akang'oa kimwiba cha kijani. Akakiweka kiganjani mwa Glenys, akashusha pumzi, akacheka.

"Tazama mwenyewe. Mbigili tu hiyo."

Glenys alikitazama kile kimwiba, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mkono wake mwingine haukuuachia mguu wa Tilly.

"Hata mimi nilisema hivyohivyo," alisema. "Niitie gari la wagonjwa."