Kisu cha Siagi Kileleni Arenig

Nerys Pugh, mwoka mikate wa mji wa Bala, Wales, hakuwa mtu wa kushuka mlima mikono mitupu. Alishafika kilele cha mlima Arenig na redio yake mgongoni, antena keshaisimamisha, ndipo akagundua kitufe cha kugongea Morse, zile alama za mlio mfupi na mrefu, amekisahau nyumbani.

"Haya wifi, sasa utawapigia mluzi?" Mair, dada wa mumewe, akamcheka.

"Lete kisu cha siagi, we mwanamke, acha domo."

Akachuna nyaya mbili, moja akaifunga kwenye kisu, nyingine kwenye kopo la biskuti, akaanza kugonga kisu juu ya kopo. Katika mchezo huu wa wapenda redio, kilele hakihesabiwi mpaka wakujibu hewani watu wanne. Akajibu Mskoti, akajibu Mswisi, akajibu mzee mmoja wa Ireland. Kisha kimya, na mvua ikaanza.

Wa nne alipojibu, Nerys alimtambua kwa mkono wake mzito wa kugonga: Idwal, mumewe, yuko jikoni kwao.

"Kitufe chako ndicho ninachogongea," aligonga Idwal. "Nilikiona mezani ukiwa bado unafunga viatu."

Nerys akagonga kwa hasira: "Na ukanyamaza?"

"Nilitaka nione kama utashindwa."

"Umeshaona. Sasa na mie nikirudi nione kama kupika kutakushinda."