Msomaji Pekee wa Mwalimu Editha

Kila Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya baraka ya mwisho, Mwalimu Editha alipewa dakika chache asimame mbele ya waumini wa parokia yake huko Mbagala na kuwaambia wasome nini. Dakika hizo alizipata kwa kuzing'ang'ania. Alipostaafu ualimu alimwendea paroko mara nyingi, akilalamika kwamba watu wanajua kushika simu tangu alfajiri lakini nyumbani hawana kitabu hata kimoja zaidi ya madaftari ya watoto. Mwishowe padri alichoka, akamruhusu.

Akawa anasimama na kukiinua kitabu juu ili watu wakione. Leo cha sala za familia. Jumapili nyingine cha malezi na mila, kinachoeleza kwa nini mtoto asishike kijiko kabla hajasalimia wakubwa. Mara kijitabu cha kufuga kuku uani, au cha mtu kujirekebisha tabia, aache pombe na atimize anachoahidi. Misa ikiisha alikaa na meza yake kando ya ukuta wa kanisa, vitabu amevipanga, kuazima bure. Watu walimsalimia vizuri sana, shikamoo mwalimu, marahaba, kisha wakampita.

Yeye ni Mmatengo, mtu wa milima ya Mbinga. Alikulia kwenye nyumba ambayo dukani walinunua chumvi na mafuta ya taa tu. Vingine vyote vilitoka shambani na zizini. Hata Mbagala, kwenye kiwanja chenye mchanga mtupu, alipanda matembele na kujaza viroba udongo kwa ajili ya mchicha. Majirani walimwona kama mtu anayejitesa wakati genge la mboga lipo hapo hapo kona.

"Watu wamechoka, Editha," mumewe Jonas alikuwa akimwambia, redio ya mpira iko sikioni. "Mtu anatoka kazini yuko hoi, wewe unampa kitabu?"

"Na mpira anausikilizaje kama yuko hoi?"

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha jalada la kahawia, kilichoandikwa na mkulima mmoja wa nyanda za juu. Kilihusu nyumba ya Kikristo inayojilisha yenyewe: baba anachimba bustani na kuongoza sala ya jioni, mama anaiendesha nyumba, watoto wanafundishwa kazi kwa mikono. Jumapili aliyokitangaza alikiinua kwa mikono miwili. "Kila neno la kitabu hiki ni dawa," alisema. "Kila neno!"

Siku hiyo Leonardi alikuja mezani. Leonardi alikuwa kijana wa jumuiya yake, kile kikundi cha sala cha mtaani, fundi wa kuchomelea mageti, mume wa Auleria. Alikichukua kitabu, na baada ya wiki kadhaa akamfuata mwalimu pale nje ya kanisa.

"Mwalimu, nimekimaliza."

"Chote?"

"Chote. Kimenifungua macho."

Editha alirudi nyumbani anatembea kama msichana. Alichinja jogoo. Alimwambia Jonas kwamba miaka yote ya kupiga kelele haikupotea, kwamba mtu mmoja akisoma na kubadilika inatosha. Jonas alikula paja lake, akasema ni jambo jema.

Auleria alikuja nyumbani kwa Editha siku chache baadaye. Hakukaa alipokaribishwa. Alitoa kile kitabu ndani ya khanga, akakiweka kwenye kiti alichopewa yeye.

"Nimekurudishia kitabu chako, mwalimu. Kimenifungia kibanda."

Auleria alikuwa mama lishe karibu na kituo cha daladala cha Rangi Tatu. Wali wake na maharage ya nazi viliwavuta madereva na wauza mitumba. Sasa Leonardi alikuwa amemwambia aache, kwamba mahali pa mke ni nyumbani, imeandikwa, na mwalimu mwenyewe amesema kila neno ni dawa.

"Masufuria yangu yamefunikwa chini," alisema. "Wateja wananipigia simu, nawajibu naumwa. Nimekuwa muongo kwa ajili ya kitabu."

Editha alikichukua kitabu, akavaa viatu, wakafuatana mpaka nyumbani kwao. Walimkuta Leonardi kwenye baraza anakunywa chai. Uani kwake hapakuwa na jani hata moja. Pamesakafiwa ukuta kwa ukuta.

"Ulisema umekimaliza," Editha alisema, hata salamu hakuisubiri.

"Ndiyo, mwalimu."

"Sura ya bustani inasema anayechimba ni nani?"

Leonardi alicheka kidogo. "Hiyo ya bustani niliiruka. Mie fundi, sio mkulima."

"Na sala ya jioni?"

"Nachelewaga kurudi."

"Na pale anaposema mwanaume asinywe chai peke yake wakati watoto wake hawajala?"

Leonardi aliweka kikombe chini.

"Sasa ulisoma nini, Leonardi?"

"Ile ya mke. Ile niliirudia."

Editha alifungua kitabu kwa hasira, karibu akipasue, akasoma kwa sauti mahali mwandishi anapomsifia mkewe kwa kupeleka mayai na mboga gulioni kila wiki. Leonardi alitikisa kichwa.

"Yule anauza mazao ya nyumbani kwake. Huyu anapikia makonda. Hiyo ni ishu tofauti. Halafu nikuulize, mwalimu, kwa heshima. Unakubaliana na kitabu au hukubaliani? Maana pale mbele ulisema kila neno."

Editha alikubaliana nacho. Aliamini kabisa kwamba nyumba isiyo na mtu ndani inaoza, kwamba watoto wa Mbagala wanalelewa na televisheni za majirani. Lakini yeye mwenyewe alifundisha mpaka akastaafu, na Jonas hakumzuia hata siku moja. Alitaka kueleza kwamba kitabu ni kitu kizima, huwezi kunyofoa ukurasa mmoja ukamchapia mtu. Maneno yalimjia yote kwa pamoja, akaishia kusema, "Hukusoma! Ulichungulia tu!"

"Nyie wawili mnabishania kitabu," Auleria alisema kutoka mlangoni. Alikuwa hajapaza sauti. "Hakuna aliyeniuliza mie. Kesho nafungua kibanda. Atakayetaka kunizuia aje anizuie mbele ya wateja."

Leonardi alimtazama mkewe, akamtazama mwalimu, akaingia ndani.

Auleria alifungua kweli, na Leonardi hakwenda kumzuia. Ila aliacha kuja kwenye sala za jumuiya, na habari zikafika parokiani zimeshavimba: kwamba mwalimu anagawa vitabu vya kuvunja ndoa. Polikarpo, katibu wa parokia, alimwita Editha pembeni baada ya misa.

"Kwa sasa tupumzike kidogo na vitabu, mwalimu. Mpaka hali itulie."

"Miaka yote hamkusoma hata kimoja," Editha alimwambia. "Leo ndiyo mmekumbuka kwamba vipo?"

Polikarpo alisema hayo ni maamuzi ya kamati.

Editha alilia nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Jonas alizima redio, jambo asilolifanya mara nyingi, akamwambia aache basi, apumzike, ana mchicha wake.

"Siachi," alisema. "Watu hawajui kusoma mpaka mwisho. Nitawasomea mwenyewe."

Akaanza kuwasomea kile kile cha jalada la kahawia, uani kwake Jumamosi jioni, sura kwa sura, bila kuruka. Alimkaribisha Auleria kwa kwenda mwenyewe mpaka kibandani. Auleria alimpakulia wali, akamwambia asante mwalimu, lakini vitabu bado siviwezi. Waliokuja walikuwa wachache: Demetria, mjane wa nyumba ya pili, wanawake wawili wa kwaya, na mzee mmoja aliyefuata kahawa. Sura ya bustani ilikuwa ndefu. Katikati ya maelezo ya mbolea mzee alianza kukoroma, na mwanakwaya mmoja alikuwa anaangalia simu chini ya khanga.

Editha aligonga jalada la kitabu mpaka wakainua vichwa. Kisha akarudi juu ya ukurasa na kuianza aya upya, kwa sauti kubwa zaidi.