Nyekundu ni ya Leo

Nikiwasha gari langu, kabla injini haijaguruma, husikika mlio mdogo, ting, na taa zote za dashibodi huwaka kwa pamoja, nyekundu kwa manjano, kisha huzimika. Majirani zangu hapa Syokimau wakiwasha yao hata hawazitazami. Mimi hungoja mpaka ya mwisho izimike.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kupeleka maharagwe na maparachichi kutoka Kathiani hadi sokoni Machakos. Macho yake yalimwona ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, lakini vitu vya karibu vilikuwa ukungu mtupu, na miwani, alisema, ni ya wazee. Basi nikawa macho yake. Nilikaa mbele kwa majivuno, nikizichunga taa. Ile ya oili niliiita birika; nilidhani gari linaomba chai. Baba alinicheka, kisha akanifundisha: "Nyekundu ni ya leo, manjano ni ya kesho." Yaani nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo, ya manjano itakupa muda wa kufika kwa fundi.

Jumamosi moja, tukiwa na mzigo wa maparachichi, tulikuwa tunaenda pia kuninunulia viatu vyeupe. Kesho yake ningeimba peke yangu mbele ya kanisa. Tulipoanza kuteremka mlima, ikawaka nyekundu, duara lenye alama ya mshangao ndani. Ile ya breki. Niliijua vizuri. Ila mara ya mwisho niliposema nyekundu, tulirudi nyumbani na gari likalala kwa fundi wiki mbili.

"Mwende, kuna taa?" Baba akauliza, kama kawaida yake.

"Hakuna, Baba."

Kwenye kona ya pili alikanyaga breki, mguu ukazama hadi chini. Hakupiga kelele. Alikata usukani, akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo, kwa upande wake yeye. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mguu wake wa kulia haukunyooka tena. Hadi leo siwezi kuvumilia harufu ya parachichi lililopondeka.

Alipotoka hospitali tulienda kwa fundi, yeye kwa magongo. Fundi akazungusha ufunguo.

"Lakini Mzee, hii taa iko sawa. Si unaona inawaka? Kwani hamkuiona?"

Baba alinitazama, kisha akamgeukia. "Ni haya macho yangu," akasema.

Mwezi huo alinunua miwani. Aliivaa akisoma Biblia, akichambua maharagwe. Lakini aliporudi kuendesha, kila tulipoingia garini aliivua, akaitia mfukoni, akauliza, "Mwende, kuna taa?" Nilidhani ni mazoea tu. Nikajibu, "Hakuna, Baba," miaka nenda miaka rudi, na kila mara alingoja kidogo kabla ya kuliondoa gari.

Tulimzika mwaka jana. Siku Mama aliponikabidhi ile miwani ndipo nilipoelewa alikuwa akingoja nini, nikalia hadi sauti ikakauka. Aliniachia mlango wazi maisha yake yote. Nyekundu ni ya leo, na mimi niliifanya ya kesho mpaka kesho zikaisha.

Sasa miwani iko kwenye kiti cha abiria. Kila asubuhi, taa zikizimika, namsikia akiuliza.

"Iliwaka, Baba," namjibu. "Niliiona."

Kisha nangoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja yeye.