Mgeni wa Kaka Yona

Siku ya mnada mimi nilikuwa jikoni. Nasema mapema ili msije mkanitafuta katikati ya mapigano mkanikosa. Kijiji kizima, huko kwetu nje ya Kongwa, kilikuwa kimeteremkia uwanjani kuuza mbuzi, kula nyama choma na kugombania mitumba, maana ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara na marobota ya nguo yalikuwa yakifunguliwa mpaka porini kwetu. Mimi nilikuwa nasonga ugali wa uwele na kuulinda mlenda usifurike. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mwalimu mkuu aliyasoma kimoyomoyo, kwa huruma. Tangu hapo sikuona sababu kubwa ya kutoka nje ya ua.

Mele, mke wa kaka yangu Yona, alipita na ndoo akaniambia, "Shemeji, siku ukioa itabidi bibi harusi aletwe huku huku jikoni."

"Aje na kuni zake," nikamjibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe, hadi kama saa nane mchana. Kisha watu wakaanza kurudi kutoka mnadani, wengi wao mikono mitupu, wakikimbia.

Ugomvi ulikuwa wa lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Mvua zilikuwa zimekataa misimu miwili, na mbuga iliyokuwa ya wote ilianza kukatwa vipande na watu wa mjini wenye karatasi. Wafugaji wa ng'ambo ya mbuga wakabaki na ng'ombe bila njia ya kuwafikisha kwenye maji. Wenye karatasi walikuwa mbali, sisi tulikuwa karibu. Siku ile maneno yakawa marungu, marungu yakawa mishale, na jioni vijana wetu watatu walikuwa wamelala ukingoni mwa lambo. Wa upande wa pili hatukuwahesabu. Hilo nalo nimelijua baadaye, kwamba vita huanza siku unapoacha kuhesabu wafu wa mwenzako.

Kabla ya hapo tulikuwa marafiki, na urafiki wetu ulikuwa na miguu minne. Mtu wa kwetu alikuwa haweki ng'ombe wake wote katika zizi moja, kwa sababu ukame na ugonjwa havipigi kila mahali kwa wakati mmoja. Baadhi unampelekea rafiki wa mbali awatunze. Yeye anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wako. Yona alikuwa na ng'ombe wake ng'ambo, kwa rafiki yake Saruni, na Saruni alikuwa na tisa katika zizi letu. Kijiji kizima kiliwajua kwa rangi.

Lazima nieleze habari za Yona. Watu wakisema fulani hasemi uongo, kwa kawaida wanamaanisha fulani hajakamatwa. Yona kweli alikuwa hasemi uongo. Ng'ombe wake waliwahi kuingia shamba la jirani alfajiri, naye akaenda kujitoza faini wakati jirani mwenyewe hajaamka. Kuishi na mtu wa namna hiyo ni kazi. Unajikuta unaficha hata vitu ambavyo si kosa. Kwa sababu hiyo hiyo walimchagua kuwa kamanda wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, bila hata kura ya pili.

Asubuhi ya pili alisimama mbele ya mkutano, bado ana vumbi la lamboni, akatangaza sheria. Yeyote atakayemficha mtu wa upande ule atatengwa. Hatasalimiwa, hatapewa moto wala maji, na akifiwa hatazikiwa. "Awe nani," akasema. Watu wakaitikia.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na nilikuwa najua kitu ambacho Yona hajui. Saruni alikuwa nyumbani kwetu.

Alikuwa amekuja mnadani na kupitia kuwaona ng'ombe wake, kama alivyofanya kila mara. Vurugu zilipoanza alipigwa rungu la goti. Hakuweza kuvuka mbuga, akajikokota hadi kwa rafiki yake. Mele akamwingiza katika nyumba yetu ya tembe, chumba cha ndani wanakolala ndama.

Yona aliporudi kutoka mkutanoni alimkuta huko. Nakumbuka alivyosimama. Kisha akavua upinde, podo na sime, akaviweka vyote nje ya mlango, kwa kuwa mgeni haingiliwi na silaha.

"Yona," Saruni akasema, "nisikuletee taabu. Naondoka."

"Utaondoka na mguu upi?"

Mele alikuwa nyuma yangu. "Baba, na ile sheria yako?"

"Naijua," Yona akasema. "Si nimeitunga mimi?" Akanigeukia. "Mpe uji, asubuhi na jioni. Mguu ukipungua uvimbe nitamvusha mwenyewe."

Hakuniambia nisiseme. Sijui kwa nini. Labda hakudhani kwamba mtu huambiwa jambo kama hilo.

Siku ya nne nilitumwa kupeleka ugali kwa vijana waliokuwa wakilinda lambo. Huko ndiko nilikokuwa mbali zaidi na nyumbani katika vita vyote vile, kama mwendo wa nusu saa. Waliponiona tu wakaanza.

"Mama lishe wa jeshi huyo."

"Chumvi umeweka leo, au nayo uliiogopa?"

"Mwacheni. Huyu akikutana na adui atamwambia karibu uji."

Wakacheka. Mimi nimekulia katika utani. Kwetu mtu akikurushia neno usiporudisha umekufa, na nilikuwa nimekaa siku nne nikiwa mwanamume pekee aliyevaa aproni. Nikatua sufuria, nikasema, "Nyie endeleeni kumtafuta porini. Wangu nampikia uji tangu juzi, na anausifia."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka kuliko wote. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mmoja wao.

Zabroni hakucheka. Mmoja wa wale watatu wa lamboni alikuwa mdogo wake. Aliuliza polepole, kama mtu anayeendeleza mzaha, "Anapenda na maziwa?"

Nami nikamjibu, "Ya ng'ombe wake mwenyewe."

Wakacheka tena, ila wachache. Nilikwenda kuosha masufuria. Nilipoinua kichwa, Zabroni na wengine watano hawakuwapo. Nikadhani wameenda doria.

Nilirudi taratibu. Hata kuimba niliimba.

Mlango wa zizi ulikuwa wazi.

Mele alikuwa amekaa chini, kanga imemwanguka kichwani, haiokoti.

Saruni alikuwa amelala mbele ya zizi. Mele aliniambia walitaka kuichoma nyumba, Saruni akatoka mwenyewe, akiegemea ukuta, ili wasiichome.

Ndama walikuwa wakilia njaa. Nikaenda kuwafungulia. Sikujua kazi nyingine ya kufanya.

Mkutano uliitishwa saa ile ile, jua bado liko juu. Walimwita Yona kutoka mpakani. Hakuna aliyetaka kumhukumu. Hilo nalisema kwa haki. Mzee mmoja wa baraza alimvuta pembeni, karibu na nilipokuwa nimesimama, akamnong'oneza, "Mwanangu, sema hukujua. Sema ni mwanamke."

"Shikamoo, mzee," Yona akasema, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Kisha akaenda katikati ya watu. "Nilijua. Mke wangu alimfungulia mlango, mimi nikamweka. Alikuwa mgeni wangu, na ng'ombe wake walikuwa mikononi mwangu. Sheria niliitangaza mimi. Itimizeni."

Hakuuliza nani amesema. Zabroni alinitazama. Mimi nilitazama kandambili zangu.

Shuleni Dodoma tulikuwa na mwalimu wa fasihi aliyetufundisha tanzia za Wagiriki wa kale. Alisema katika michezo ile mtu mkubwa haangushwi na ubaya wake, huangushwa na kile kile tulichomsifia. Anajikuta kati ya sheria ya mji, ambayo ni ya haki, na sheria nyingine ambayo hakuna aliyeiandika, nayo ni ya haki; na kwa kuwa ni mkubwa hawezi kujifanya haioni mojawapo. Mimi nilinyoosha mkono nikasema mtu huyo angekaa tu nyumbani kwake, tanzia isingempata. Darasa likacheka. Mwalimu akasema, "Wewe huna wasiwasi. Yako itakuwa kichekesho."

Alisema pia kwamba Wagiriki walikuwa na adabu. Mauaji hawakuyaonyesha jukwaani. Yalifanyika nyuma, kisha akaja mtu mdogo, mjumbe au mchungaji, akaeleza alichokijua, akaondoka. Wakubwa wanakufa, wanajitoboa macho, nyumba zinaisha. Sikuwahi kumuuliza mwalimu yule mtu mdogo alirudi wapi. Siku ile mkutanoni nilijua. Alirudi kupika.

Walimtenga. Jirani yetu, ambaye alikuwa akiazima moto kwetu kila asubuhi, alipita akiangalia upande mwingine, analia.

Kesho yake Yona alimfunga marehemu Saruni kwa shuka lake mwenyewe, jipya, alilonunua kwa ajili ya Krismasi. Alimlaza juu ya mkokoteni wa punda. Akafungua zizi, akawatoa wale ng'ombe tisa.

Mele akamshika mkono. "Watakuua."

"Mali ya mtu hairudi yenyewe. Wala mtoto wa mtu."

Akaniangalia. Alikuwa na punda wa kuongoza na ng'ombe wa kuswaga, kazi ya watu wawili. "Utanisindikiza?"

Nilisema tumbo linaniuma.

Sikudanganya kabisa. Lilikuwa linauma. Lakini lilikuwa linauma tangu jana, na lingeweza kuuma huku linatembea.

"Basi baki," akasema. "Nyumba inahitaji mtu." Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningekuwa na kitu cha kumkasirikia.

Tulimwona akiteremka mbugani hadi vumbi likamficha. Hakurudi.

Serikali ilileta askari, kisha ikaleta kikao cha suluhu, pembeni ya lambo lile lile, wao upande mmoja na sisi upande mwingine. Huko ndiko tulikosikia alivyokufa. Walinzi wa ng'ambo walimwona mtu wa kwetu na ng'ombe wao na maiti wao, wakaelewa walivyoelewa. Hakufikisha neno la pili. Ng'ombe waliendelea wenyewe, njia waliijua, wakafika kwao kabla ya mkokoteni.

Aliyeeleza ni mama yake Saruni. Alikuwa mwanamke mrefu, anaongea Kiswahili cha kutafuta. Alisema alipoliona lile shuka, lilivyofungwa, alijua aliyefunga hakuwa muuaji. Muuaji hafungi hivyo. Aliwaamuru vijana wake wachimbe makaburi mawili uani kwake, sawasawa, hakuna lililo mbele.

Kisha akauliza, "Mwanangu alikuwa ndani ya nyumba. Nani alisema?"

 Mzee mmoja wa kwetu akasema, "Ni vita, mama."

Alitupitia uso kwa uso, akianza mstari wa mbele. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nikainama kufunga kamba ya kiatu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa viatu vya heshima, vya kaka.

Kijiji kilimwondolea Yona kutengwa katika kikao hicho hicho. Walipiga makofi. Zabroni hakuwapo, alikuwa ameshahamia mgodini, na sikusikia kwamba amewahi kunitaja. Matanga tulikuwa tumeshayakaa tangu tulipokata tamaa kwamba atarudi, wawili tu, Mele na mimi, mkeka mmoja, watu wakisimama mbali nje ya ua kwa sababu ya sheria. Siku zote zile alinipikia. Alisema nimedhoofika kwa kumlilia kaka yangu.

Ilinichukua miaka kumi na zaidi kumwambia. Nilimkuta anabangua karanga, nikakaa, nikamweleza lote: ugali, mzaha, maziwa. Nilitegemea alie au anifukuze. Aliendelea kubangua hadi ungo ukajaa.

"Tumbo lilikuwa linakuuma kweli?" akauliza.

"Kidogo."

Akapepeta maganda. "Yona alikufa kwa alichokitaka, shemeji. Hilo nimeshalizoea, hata kama nalichukia. Usiniletee mimi. Mpelekee yule mama. Wake alikufa kwa sababu ya mdomo wako, na aliuliza mbele za watu."

Nilisema nitakwenda mvua zikikatika. Zikakatika. Nikasema baada ya mavuno. Mavuno hayakuwa mazuri, lakini yalipita. Siku hizi kuna basi linalofika ng'ambo kwa asubuhi moja tu. Nimelisindikiza mara nyingi kwa macho, nikiwa kizingitini, kijiko mkononi.

Mwaka jana mwanamke mmoja wa kule aliyekuja kuuza dawa za mizizi aliniambia yule mama amefariki. Alikufa kwa uzee, akasema, hakuteseka. Ila mpaka mwisho, kila akipata mgeni wa upande wetu, alimkalisha, akampa maziwa, akamuuliza lile swali lake.

Nikamuuliza walikuwa wanamjibu nini.

"Kwamba hawajui," akasema. "Nao walikuwa hawajui kweli."