Siku Tatu za Kibarazani

Mratibu wetu aliponiambia nitakaa na familia ya Kihindu, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka Voi, Kenya, nikabadilisha mabasi matatu hadi Kahama, na njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa nyumba ya Wasukuma, kwa ugali wa mtama na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo kila aliyenitangulia alinisimulia. Badala yake nikateremshwa mtaa wa Nyahanga mbele ya geti la kijani, nikapokewa na mama mmoja wa Kihindi mwenye sari ya pamba na malapa. Alinitazama mimi, akautazama mfuko wa nyama kavu niliofungiwa na shangazi, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Wewe karibu, mwanangu. Hiyo nyama haiingii."

Nyama ikaenda kwa mlinzi wa jirani. Mimi nikaingia.

Ndani tulikuwa watano. Baba mwenye nyumba na mwanawe walikuwa na duka la pampu, kamba na mabuti ya wachimbaji. Walitoka asubuhi wakarudi jioni, na kila wiki mmoja wao alikuwa njiani kwenda Geita na mzigo. Yule mama niliambiwa nimwite Ba, kama walivyomwita wote, ndivyo wanavyomwita mama wa nyumba. Alizaliwa Shinyanga, hospitali ya Kolandoto, na muuza nyanya akipita walisalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," wakaongea mpaka nyanya zikapata jua. Wa tano alikuwa mke wa mwanawe. Huyo nilimwita Bhabhi, yaani wifi. Aliletwa kutoka Gujarati kuolewa, miaka miwili kabla yangu. Tulikuwa rika moja, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu, na wiki mbili za kwanza sikumsikia akiniambia zaidi ya "chukua" na "bado chapati".

Sasa, mimi ni mtu wa kusema. Nikinyamaza siku nzima naumwa kichwa. Katika nyumba ile hakuna aliyenikataza kusema, ila hapakuwa na wakati wa kusema. Wanaume walikula kwanza wakiwa na haraka zao. Kisha nikawekewa mimi, mgeni, peke yangu kwenye meza ya watu sita, Ba akija kila dakika kuniongeza dali, ule mchuzi wao wa dengu, kama ng'ombe anayenoneshwa. Kisha yeye na Bhabhi walikula jikoni, wima au chini, sikuwahi kuona. Nilikotoka, mtu akila peke yake watu wanauliza ana ugonjwa gani.

Kazini nako mambo yalikuwa yale yale. Nilikuwa mafunzoni, mtu wa kujitolea katika mradi wa afya, na kazi yangu ilikuwa kwenda kwenye mialo, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, kuwafundisha wanawake namna ya kujikinga na zebaki. Somo la kwanza lilikuwa kwamba mahali pa zebaki hapaliwi chakula. Saa saba mchana wale akina mama walifunua sufuria ya ugali, wakaniita, "Dada, karibu tule," nami nikalazimika kutikisa kichwa na kuwaonyesha picha kwenye karatasi. Walicheka kwa Kisukuma, wakabeba sufuria yao wakaenda kula mbali, nami nikala chapati zangu ndani ya gari la mradi, nimefunga vioo kwa ajili ya vumbi. Mwalimu wa kukataza watu kula! Nilikuwa mpweke, na sitalitafutia neno la adabu zaidi ya hilo. Nilikuwa natamani mtu wa kukaa naye kuliko nilivyotamani nyama.

Wiki ya tatu Ba aliniita pembeni. Alikuwa mtu wa kuhesabu siku. Siku za kufunga, siku za mwezi mpya, siku za kumwosha mungu wao mdogo wa shaba na kumvisha nguo, zote alikuwa nazo kichwani bila kutazama kalenda.

"Mwanangu, nyumba hii ina sheria moja nilisahau kukwambia," alisema. "Mwanamke akiwa mwezini, jikoni haingii, chumba cha kuombea haingii, na achari hagusi, itaharibika. Siku tatu anakaa kibaraza cha uani. Anapumzika. Siku ya nne anaosha nywele, anarudi."

Nikakasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na cheti, nilikuwa na fulana ya mradi. Nikamjibu, "Sawa, Ba," maana shangazi hakunilea bure, lakini moyoni niliapa kwamba mratibu atanisikia.

Siku zangu, ambazo safari ilikuwa imezivuruga, zikaja Ijumaa ya wiki ile ile, mwanzo wa mapumziko yetu ya juma zima. Nikachukua godoro nililopewa, nikatoka uani nimevimba. Nikamkuta Bhabhi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wa plastiki, miguu ameikunja, anafuta machozi kwa ncha ya sari. Aliponiona akasogea kunipa nafasi.

"Wewe pia?" akauliza.

"Mimi pia."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumwona meno.

Ba alituletea chakula kwenye sahani mbili za bati, akaziweka sakafuni, akatumiminia maji kutoka juu ili jagi lisiguse vikombe vyetu, akaingia ndani. Hapo Bhabhi akafanya jambo ambalo ndani ya nyumba ile halifanyiki, maana kwao chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu mwingine hakiliwi. Aliburuta sahani yake mpaka ikagongana na yangu, akamega chapati yangu, akachovya kwenye dali yangu. "Ndani mimi hapana," alisema. "Hapa nje sisi wote wachafu. Kula."

Nikala. Tulikula vile siku tatu. Tulicheza mdako kwa kokoto tano, mchezo anaoujua tangu kwao, akanishinda kila mara na kunizomea kwa Kigujarati. Alinieleza, kwa maneno machache na mikono mingi, kwamba kwao alikuwa anaendesha skuta kwenda chuoni, nywele zinapepea, na kwamba hapa hajawahi kutoka getini bila mtu. Kazi za nyumba ile zilikuwa hazimwachii hata nafasi ya kukaa, isipokuwa siku hizo. Ile sheria niliyoapa kuishtaki ndiyo iliyokuwa likizo yake pekee, na sasa ikawa yangu. Kwa mratibu sikupiga simu.

Lakini mwezi uliofuata siku zangu zilirudi kwenye mstari wake, zikaachana na za Bhabhi. Alipotoka kukaa uani, zangu zilikuwa bado siku kumi na moja. Nilimwona kupitia dirishani, ameketi na kokoto zake, nikasimama mlangoni kwa Ba nikasema, "Ba, na mimi."

Ulikuwa uongo wa maneno matatu. Ulinipa siku tatu za kucheka. Zangu za kweli zilipokuja nikanyamaza, nikaingia jikoni kama kawaida, na Ba aliponiomba nimshushie chupa ya achari kabatini nikamshushia kwa mikono yangu miwili. Niliona haya. Lakini kwamba sitarudia, hilo sikujiambia.

Kuna jambo jingine nililolijua nikajifanya silijui. Saa ya kwanza ya kila siku ya kwanza, Bhabhi alikuwa analia. Mwanzoni nilidhani ni tumbo. Mwezi wangu wa tatu pale akaniambia mwenyewe. Miaka miwili ya ndoa, na kila akitoka na mkeka ule nyumba nzima inajua kwamba bado hajashika mimba. Baba mkwe anajua, mlinzi wa jirani anajua, na Jumapili mama yake anauliza kwa simu. Nilimshika bega, nikamwambia Mungu yupo. Kisha nikapanga kokoto.

Mwezi huo nilidanganya tena. Siku kumi na moja baadaye zangu zikanijia usingizini, na asubuhi Ba aliliona shuka langu ndani ya ndoo. Uso wake ulibadilika. Akahesabu kwa vidole, mara moja, mara mbili.

"Wewe si juzi tu ulikuwa uani? Tangu lini unatoka damu hivi? Kwa nini hukusema?"

Nikasema si kitu. Alikuwa ameshavaa malapa. Alikuwa na dada yake aliyekufa kwa kutokwa damu, aliniambia baadaye, dada aliyesema si kitu. Akanipakia kwenye bajaji hadi kituo cha afya, na pale kwenye benchi la kusubiri, mama yule ambaye hata kikombe changu hakigusi nikiwa kwenye siku zangu, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Kisha akanishika mkono akaendelea kuushika. Wanawake wa benchi walitutazama. Yeye alikuwa anaomba kimya kimya, midomo inacheza.

Ningeweza kuvumilia akinigombeza. Ule mkono sikuweza.

"Ba," nikamwambia, "siumwi. Zile za juzi zilikuwa uongo. Na za mwezi uliopita."

Hakuelewa. Nikarudia.

"Kwa nini mtu adanganye kitu kama hicho?"

"Nilitaka kukaa na Bhabhi. Sina mtu mwingine."

Akanitazama usoni. Mkono hakuuachia bado. "Na siku zako zenyewe, jikoni uliingia?"

"Niliingia."

"Achari?"

"Niligusa."

Hapo ndipo alipouachia.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji. Mchana ule Ba aliosha jiko lote kwa maji, ukuta kwa ukuta, peke yake, alikataa msaada. Achari ya maembe mabichi aliyoitengeneza itoshe mwaka mzima, chupa nne kubwa, aliimwaga shimoni chupa moja moja, na mimi kutoka uani nilisikia kila chupa ikilia. Alifunga kula siku mbili. Nilikusanya nguo zangu nikaziweka kwenye begi, nikasubiri kuambiwa niondoke. Bhabhi alinipita na ndoo akaniangalia kwa hasira, nami nikaona ni haki yake, maana kazi ya kuanika maembe yale ilikuwa ya mikono yake.

Siku ya nne nilipoosha nywele, Ba alikuja akasimama mbele yangu.

"Kudanganya usirudie," alisema. "Ukitaka kukaa naye, sema. Akiwa nje, nenda, hata kama wewe huna kitu. Ila ukitoka pale uoge ndipo uguse vitu vyangu. Hilo la kuoga ni gumu?"

"Si gumu, Ba."

"Basi toa hizo nguo kwenye begi."

Nililia mbele yake bila aibu. Na miezi miwili iliyofuata nilikuwa tajiri. Nilianza kuhesabu siku kama Ba anavyohesabu. Kule mwaloni, karatasi zangu za zebaki mkononi, nilijua kwamba zimebaki siku tisa, zimebaki nne. Bhabhi alinisamehe siku ya kwanza tulipokaa tena, kwa kunishinda mdako mara saba mfululizo. Alilia saa yake ile ya kwanza, nikamngoja amalize.

Mwezi wangu wa sita nilihesabu, siku ikafika, mkeka haukutoka. Nikajiambia nimekosea. Kesho yake nikachungulia uani kabla ya kupanda gari la mradi, na jioni nikachungulia tena. Siku ya tano, ya nane. Bhabhi alikuwa jikoni anasukuma chapati, lakini Ba alikuwa amemvutia kiti. Siku ya kumi na moja zikaja zangu, nikatoka na godoro, nikaketi pale peke yangu, kokoto tano zimepangwa ukingoni alipoziacha Bhabhi.

Mchana nikasikia nazi ikipasuliwa chumba cha kuombea na Ba akicheka kwa sauti. Mlango ukafunguliwa. Alikuja mbio mbio na kisahani cha tamutamu za maziwa, uso unang'aa, akasimama kwenye kizingiti akaniangushia moja kiganjani kutoka juu.

"Daktari amethibitisha," alisema. "Kula, mwanangu, kula! Bhabhi yako muda mrefu hatakaa tena hapa nje, Mungu akipenda."

Nyuma yake, kupitia dirisha la jikoni, Bhabhi alikuwa ananitazama. Alikuwa analia na kucheka, akanipungia mkono wenye unga. Nikampungia. Nikasema hongera, nikasema Mungu ni mkubwa, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, nikaweka ile tamutamu mdomoni.

Kisha mlango ukafungwa, nami nikainamisha kichwa nikaomba, Mungu anisamehe, kwamba daktari awe amekosea.