Chupa ya Kifuniko Chekundu

Wifi yangu Kafedha ni mtu wa kuogopa. Anaogopa radi, anaogopa bundi, anaogopa hata simu ya nambari asiyoijua. Mimi ni dada wa marehemu mumewe, na kwetu Wagiriama wifi ana ruhusa ya kumcheka wifi yake mpaka mmoja wao azikwe. Basi nimemcheka miaka ishirini na sita. Siku moja tu, Machi mwaka huu, ndipo kicheko kilinikauka.

Anafuga ng'ombe wawili hapa Mtongwe, Likoni, nyuma ya nyumba aliyoachiwa na kaka yangu Ngala. Tabu ni wa kienyeji, mwekundu, ana nundu, na maziwa yake hayajazi birika. Kadzo ndiye tegemeo. Huyo ni mweusi mwenye mabaka meupe, wa asili ya bara kwenye baridi, na ndoo anaijaza asubuhi na jioni. Nyumba nzima inakula kwa Kadzo.

Kafedha alimlea kwa chupa, maana mama yake Kadzo alianguka katika banda hilo hilo mchana wa jua kali, akafa kabla ya alasiri. Jana yake mgeni alikuwa amesimama mlangoni akasema, "Lo! Maziwa yote haya ya ng'ombe mmoja?" Mtaa mzima ukaamua ni kijicho. Tangu hapo wifi yangu hukamua mlango umefungwa, na ukimwuliza amepata kiasi gani, hujibu, "Tumepata ya chai." Ya chai, na ndoo inafurika!

Joto la kaskazi ya mwaka huu lilitutesa. Hata alfajiri ukuta ulikuwa na joto. Ndipo akaja Lynnette, binti wa utafiti wa mifugo, na kisanduku cha barafu begani.

"Mama, ng'ombe hawezi kukwambia amezidiwa na joto," alimwambia Kafedha. "Lakini kabla hajaanza kuhema, maziwa yake yanakuwa yashabadilika. Mafuta yanapungua, na dalili za mwili kutaabika zinaonekana ndani yake. Mimi nataka chupa ndogo mbili tu, Jumanne na Ijumaa. Kifuniko chekundu cha Kadzo, cha buluu cha Tabu."

Kafedha alikubali, maana kifo cha mama yake Kadzo kilikuwa bado kinamwamsha usingizini. Ila alishikilia sharti lake: anakamua peke yake, mlango umefungwa, kisha anazitoa chupa nje. Nilimcheka sana. Nilimwambia, "Wifi, mficha uchi hazai." Akanisonya.

Sasa siku yenyewe. Kafedha alikwenda Shelly Beach kupelekea wateja maziwa, akaniachia simu yake iko kwenye chaji. Saa tano ikalia. Alikuwa Lynnette, anasema mbio mbio.

"Mama Kafedha yuko? Majibu ya maziwa yametoka. Tabu yuko hatarini kabisa. Mmwagieni maji sasa hivi, mpeperusheni, mpeni maji ya kunywa. Msingoje jioni!"

Mifereji ilikuwa imekauka siku ya nne, na bandani mlikuwa na madumu matatu tu ya maji. Sikufikiri. Nilimmwagia Tabu dumu la kwanza, la pili, nikampepea kwa mfuniko wa sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Tabu alinitazama kwa mshangao huku akicheua. La tatu nikampa anywe, akalinusa tu, kisha akalipiga teke likamwagika lote.

Kadzo alikuwa amesimama upande wa pili, miguu ameitanua, shingo ameinyoosha. Nilimwona, wallahi nilimwona. Nikasema moyoni kuwa anadeka, amezoea kuwa yeye ndiye wa kuhudumiwa.

Kafedha akaingia. Aliona sakafu iliyolowa, akamwona Tabu anatona maji, akanisikiliza nusu ya maneno yangu. Kisha akamgeukia Kadzo. Ulimi ulikuwa nje, ute unaning'inia hadi chini, na mbavu zinapanda na kushuka haraka kuliko nilivyowahi kuona kwa mnyama yeyote. Kafedha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wifi, si Tabu! Ni Kadzo! Nilizibadilisha chupa!"

"Ulizifanyaje?"

"Nilitia maziwa ya Kadzo kwenye buluu. Kila mara. Niliogopa wakiyaona watamsifu."

Magoti ya Kadzo yakakunjika, akaanguka. Mama yake alianguka vivyo hivyo, mahali pale pale, na sote wawili tulikuwepo. Hakuna dumu lililobaki na hata tone la maji, na mimi ndiye niliyeyamaliza.

Kafedha alikimbia barabarani bila viatu. Mwanamke asiyekubali mtu achungulie banda lake alisimama katikati ya njia akapiga ukemi: "Njooni! Ng'ombe wangu anakufa! Njooni na maji!" Kazungu mwenye mkokoteni wa maji akaugeuza mkokoteni hapo hapo. Wanjiru muuza mboga akaja na pipa la maji la jikoni kwake, yeye na binti zake. Watu kumi na zaidi wakajaa bandani, wakamwagia, wakapepea kwa kanga na maboksi. Kafedha alimwinua Kadzo kichwa, akamtilia maji mdomoni kiganja kwa kiganja, akimwita kwa jina.

Ilikuwa yapata saa tisa Kadzo alipojiinua. Miguu ilimcheza, lakini alisimama.

Lynnette alifika jioni, akaelezwa yote. Akafungua daftari. "Wiki tatu, mama. Chupa ya buluu imesema hivi wiki tatu. Ijumaa nilikupigia nikakwambia Tabu anaanza kuzidiwa."

"Nikakujibu Tabu hana neno," Kafedha alisema. "Nilimwangalia Tabu, nikamwona mzima, wala sikukumbuka kuwa buluu ni ya Kadzo. Nikasema vipimo vyenu ni vya uongo."

"Kadzo bado hajapona," alisema Lynnette. "Joto halijaisha."

Kafedha alichukua ndoo, akachuchumaa chini ya Kadzo, mlango uko wazi na majirani wamesimama wanatazama. Alikamua muda mrefu. Kisha akaijaza chupa ya kifuniko chekundu, akampa Lynnette.

"Ni ya Kadzo. Andika: kikombe kimoja."

Nilichungulia ndoo. Mara hii kweli tulikuwa tumepata ya chai.